Jiwe la Galle, ngome ya Melaka: bahari ilipopata mwenyewe

Mwaka 1911, katika mji wa Galle kusini mwa Sri Lanka, mhandisi mmoja alifunua mfuniko wa mtaro akakuta maandishi upande wa chini. Jiwe lilikuwa limelazwa kifudifudi, watu na mikokoteni wakipita juu yake miaka nenda miaka rudi. Liliposafishwa, zilionekana lugha tatu zimechongwa kwenye uso mmoja: Kichina, Kitamil na Kiajemi. Tarehe yake ni ya mwaka 1409.

Aliyelileta ni Zheng He, mkuu wa msafara wa majini wa Mfalme Yongle wa China, mtu aliyezaliwa katika ukoo wa Kiislamu huko Yunnan. Jiwe linataja sadaka. Kwa Kichina, sadaka ni za Buddha. Kwa Kitamil, ni za mungu wa Wahindu, sura mojawapo ya Vishnu, aliyekuwa na hekalu lake kwenye pwani ya kusini ya kisiwa hicho. Kwa Kiajemi, ni za Mola wa Waislamu. Dhahabu vipande 1,000, fedha vipande 5,000, hariri, mafuta ya manukato na vinginevyo. Ukizilinganisha orodha hizo tatu unakuta zinakaribia kuwa sawasawa. Msomaji wa kila lugha aliambiwa kwamba dini yake imeheshimiwa, na pengine hakujua kuwa jirani yake, kwa hati asiyoweza kuisoma, ameambiwa hivyohivyo.

Miaka 102 baadaye, ng'ambo ya bahari hiyohiyo, mawe mengine yalihamishwa. Wareno walipouteka mji wa Melaka, katika Malaysia ya leo, mwaka 1511 walibomoa msikiti na makaburi ya kifalme, na mawe yake wakayajengea ngome waliyoiita A Famosa. Lango lake moja bado limesimama, na watalii hupiga picha mbele yake.

Kati ya jiwe lile na mawe haya kuna badiliko ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote katika historia ya Asia ya baharini, na tunalisimulia vibaya. Wapo wanaosema dini ilienezwa kwa upanga, biashara ikafuata nyuma. Wapo wanaosema Asia ilikuwa imelala mpaka Vasco da Gama alipokuja kuiamsha. Wote wanalipita jambo moja: kwa karne nyingi bahari ile ilikuwa na watoza ushuru wengi, baadhi yao wakali sana, lakini haikuwa na mwenyewe. Dini ilisafiri humo ikiwa dhamana ya watu wasiojuana. Ilipokuja dola iliyotaka kuimiliki bahari, na baada yake kampuni iliyotaka kuumiliki hata mti, dini ikawa bendera ya vita.

Anayezungumza Kiswahili hana haja ya kuletewa mtaalamu amweleze kwamba bahari ile ilikuwa moja. Mmalay akikutana na mwenzake humuuliza "Apa kabar?", na hiyo kabar ndiyo habari yetu. Bandari kwake ni bandar, nahodha ni nakhoda, msimu ni musim, karatasi ni kertas, wakati ni waktu, na dunia ni dunia. Maneno haya hayakutoka kwetu kwenda kwao wala kwao kuja kwetu. Kila upande uliyapokea kwa Waarabu na Waajemi waliopita kote kuwili. Ukiyatazama utaona ni maneno ya chombo, ya upepo, ya hati na ya hukumu. Mawili ndiyo yanayonigusa zaidi: amanah na khianat. Amana na hiana. Watu wa pande mbili za bahari waliopokea neno moja la kumtunzia mwenzio mali yake, na neno moja la kumdhulumu, walikuwa wanafanya biashara ya aina gani? Ya mbali, ya mkopo, ya kuaminiana.

Chanzo cha yote ni upepo. Mfanyabiashara wa Gujarat, India, aliyekwenda mashariki hakuweza kurudi alipotaka. Alingoja upepo ugeuke, kama manahodha wa pwani yetu walivyongoja kaskazi na kusi. Wamalay waliziita nchi zao di bawah angin, chini ya upepo, na nchi za magharibi yao, kuanzia India hadi Uarabuni, wakaziita di atas angin, juu ya upepo. Mlango wa bahari wa Melaka upo pale ambapo pepo za Bahari ya Hindi zinapokezana na zile za Bahari ya China Kusini. Kwa hiyo chombo kutoka Cambay, bandari ya Gujarat, na chombo kutoka China havikuwa na sababu ya kumaliza njia yote. Kila kimoja kilifika katikati, kikashusha, kikapakia, kikangoja upepo wake wa kurudia.

Na kungoja huko kulikuwa kwa miezi. Miezi inataka nyumba, nyumba inataka jiko, na wengi waliishia kuoa. Mtoto akizaliwa hutafutiwa mwalimu wa kumfundisha kusoma, na mwalimu naye hutafutiwa pa kusalisha. Unapouliza Uislamu uliingiaje Sumatra na Java bila jeshi lolote kuvuka bahari, sehemu kubwa ya jibu ni hiyo: uliingia kwa watu waliokuwa wanangoja upepo.

Wala haukuwa wa kwanza kupita njia hiyo. Mwaka 671 mtawa wa Kibuddha kutoka China, Yijing, alipanda meli ya mfanyabiashara Mwajemi kule Guangzhou, akashuka Palembang, makao ya dola ya Srivijaya, akakaa miezi sita akijifunza sarufi ya Kisanskriti kabla ya kuendelea na safari ya India. Mchina wa dini iliyozaliwa India, juu ya meli ya Mwajemi, anasoma Sumatra. Aliwashauri watawa wenzake kutoka China wafanye kama yeye, kwa sababu walimu wa Palembang walikuwa wazuri. Srivijaya iliishi kwa ushuru wa vyombo vilivyopita mlangoni pake, na sehemu ya ushuru huo ndiyo iliyowalisha watawa.

Turudi kwenye amana. Mwenye mtaji anabaki Cambay. Msafiri anachukua vitambaa. Faida watagawana kwa sehemu walizoafikiana, na mtaji ukipotea bila uzembe wala udanganyifu, hasara ni ya mwenye mtaji, msafiri amepoteza jasho lake. Huo ni mudharaba, na mpaka leo benki za Kiislamu zinautumia. Lakini mkataba ni maneno tu ikiwa hakuna wa kuamua mkigombana umbali wa safari ya msimu mzima. Hapo ndipo dini ilipofanya kazi ambayo hakuna dola iliyoweza kuifanya. Kadhi wa Pasai na kadhi wa Kilwa hawakuwahi kuonana, lakini walihukumu kwa vitabu vya namna moja. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu ni wa madhehebu ya Shafii. Miaka kama 14 baadaye, huko Pasai kaskazini mwa Sumatra, akamkuta sultani wa madhehebu hayohayo. Katikati ya safari hizo mbili, yeye mwenyewe, mtu wa Tangier huko Moroko, aliwahi kuwa kadhi visiwa vya Maldives. Alikwenda na elimu yake tu, na elimu hiyo ilitambulika kila alipotia mguu.

Nisieleweke kwamba Waislamu peke yao ndio waliokuwa na mtandao. Wayahudi wa Misri waliandikiana barua na ndugu zao wa pwani ya Malabar, India, kuhusu pilipili na chuma, na barua hizo zilihifadhika Cairo. Vyama vya wafanyabiashara wa Kitamil vilijenga mahekalu hadi ng'ambo. Kila kundi lilikuwa na mungu wake wa kumshuhudisha mtu asidhulumu.

Melaka ilianzishwa karibu mwaka 1400 na Parameswara, mwana wa ukoo wa kifalme wa Palembang aliyekuwa mkimbizi. Mahali penyewe hapakuwa na utajiri: mto mdogo, kilima, vinamasi, wavuvi. Hata mchele wa kula ulikuja kwa meli kutoka Java, Siam (Thailand ya leo) na Pegu (Burma). Parameswara alikwenda mwenyewe China mwaka 1411 kumwona Mfalme Yongle, na China ikaionya Siam, iliyokuwa ikimdai kodi, imwache. Ndani ya miaka mia moja kijiji hicho kikawa mojawapo ya bandari kubwa za dunia.

Kilichofanyika hapo ni utaratibu. Mji uliwekewa mashahbandari wanne, wakuu wa bandari. Mmoja alikuwa wa Wagujarati peke yao, kwa wingi wao. Wa pili alishughulikia Watamil, Wabengali, watu wa Pegu na wa Pasai. Wa tatu watu wa Java, Maluku na Banda. Wa nne Wachina na watu wa visiwa vya Ryukyu. Chombo kikitia nanga, nahodha alikwenda kwa shahbandari wake, mtu aliyezijua desturi zake, akatafutiwa ghala na kupelekwa kwa bendahara, yaani waziri mkuu. Waliotoka magharibi walilipa ushuru wa asilimia 6. Waliotoka mashariki walitoa zawadi. Mtu alijua kabla hajang'oa nanga kwao atalipa nini akifika. Tomé Pires, muuza dawa Mreno aliyeishi Melaka mara baada ya kutekwa, aliandika kwamba bandarini zilizungumzwa lugha 84, na katika orodha yake ya waliokuja kufanya biashara wamo watu wa Kilwa na wa Malindi.

Watawala wake wa kwanza waliingia Uislamu, na katikati ya karne ya 15 ulikuwa ndiyo dini ya dola. Wapo wanaolitaja jambo hili kwa kejeli, kwamba masultani walisilimu ili meli za Gujarat zije. Faida ilikuwepo, sikatai. Lakini mtu anaweza kuvutwa mlangoni na faida, akakaa ndani kwa imani, na watoto wake wasijue kwamba kulikuwa na mlango. Kuna mahali pengi ambapo wafanyabiashara walikuja na kuondoka bila kuacha mwumini hata mmoja. Dini mpya ilikuwa na jambo la kumwambia mtu wa kawaida wa bandarini, aliyekutana na watu wa kila kabila na kuhitaji sheria isiyomuuliza ametoka ukoo gani. Na hata hivyo sheria za Melaka ziliendelea kuchanganya sharia na adat, mila za wazee, na Wahindu wa Kitamil walibaki miongoni mwa matajiri wakubwa wa mji.

Sitaki kuipamba bahari ile. Mwaka 1025 Rajendra, mfalme wa Wachola wa India kusini, alituma jeshi la majini likazipora bandari za Srivijaya. Zheng He yuleyule wa sadaka za Galle, katika safari hiyohiyo, alipigana na mtawala wa Sri Lanka, akamkamata na kumpeleka China. Watumwa waliuzwa Melaka kama walivyouzwa kila bandari. Yeyote anayesema kulikuwa na pepo ya amani kabla ya Wareno hajasoma. Ila tazama vita hivyo vilifanya nini. Wachola walipora wakarudi kwao. Wachina waliondoka na mfalme, na baada ya mwaka 1433 misafara yao mikubwa haikuonekana tena. Hakuna kati yao aliyesema kwamba kuanzia leo mtu yeyote anayepita kwenye maji haya apite kwa ruhusa yangu.

Mei 1498 Vasco da Gama, nahodha Mreno, alifika Calicut, India, mwezi mmoja baada ya kupewa rubani Malindi. Hakushuka mwenyewe, alimtangulizia mmoja wa wahalifu waliochukuliwa kwa kazi za hatari. Watu wakampeleka kwa Watunisia wawili waliojua Kihispania na lugha ya Genoa. Salamu yao, kama ilivyoandikwa katika kumbukumbu ya safari, ilikuwa kuuliza ni shetani gani aliyemleta huko. Walipomuuliza wanatafuta nini mbali kiasi hicho, alijibu: Wakristo na viungo.

Jibu hilo limebeba dini na biashara pamoja, kama ilivyokuwa kwa kila aliyefika Calicut kabla yake. Tofauti ni kwamba Mreno alikuwa ametoka kwenye karne nyingi za vita na Waislamu wa nchi yake mwenyewe, na alikuja na mizinga iliyofungwa ubavuni mwa meli. Vitambaa na vyombo alivyoleta vilimchekesha mfalme wa Calicut. Bidhaa aliyokuwa nayo kweli ni mizinga. Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, da Gama aliichoma moto meli iliyokuwa ikirudi kutoka Makka na mamia ya mahujaji, wanawake na watoto wakiwemo. Mwaka 1505 Kilwa na Mombasa zikaporwa na Francisco de Almeida. Goa ikachukuliwa 1510, Melaka 1511.

Kisha ikaja karatasi. Wareno waliiita cartaz: hati ya ruhusa ambayo mwenye chombo alipaswa kuinunua, ikitaja nahodha, ukubwa wa chombo, shehena na safari yake, na kumlazimisha apitie bandari ya Wareno alipe ushuru. Asiyekuwa nayo alinyang'anywa chombo na mzigo. Bei ya karatasi yenyewe ilikuwa ndogo, na ndiyo maana watu husoma habari zake haraka wakapita. Mimi naiona kuwa hati nzito kuliko mizinga. Mtoza ushuru wa Melaka alikuambia: ukija kwangu, utalipa. Cartaz ilisema: popote uendapo, unapita kwangu.

Melaka haikuanguka kwa mizinga tu. Mwaka mmoja kabla, Sultani Mahmud alimuua bendahara wake, Tun Mutahir, na mji ukajaa hofu. Wachina waliokuwa bandarini walimwazima vyombo Albuquerque, jemadari wa Wareno, na tajiri wa Kitamil, Nina Chatu, alikuwa amewasaidia mateka Wareno na baadaye akapewa cheo. Wafanyabiashara walichoka na mtawala wao. Wengine walidhani wanabadilisha mtoza ushuru. Pires aliandika kwamba atakayekuwa bwana wa Melaka ameishika kooni Venice, mji wa Italia ulioiuzia Ulaya viungo. Lakini wafanyabiashara Waislamu walitweka matanga wakahamia Aceh kaskazini mwa Sumatra, Banten, Johor, Brunei na Makassar. Katikati ya karne hiyo Aceh ilikuwa ikipeleka pilipili moja kwa moja Bahari ya Shamu, ikiwapita Wareno kwa mbali, na Venice ikapumua tena.

Uislamu wa Aceh sasa ulikuwa na mizinga. Wajumbe walitumwa Istanbul kuomba msaada wa Waturuki, na Sultani Selim II akaamuru msafara wa majini, ambao uasi wa Yemen uliugeuza njiani. Huko Ternate, mojawapo ya visiwa vya Maluku, Sultani Hairun aliuawa kwa hila na Wareno mwaka 1570. Mwanawe, Baabullah, aliizingira ngome yao miaka mitano hadi wakaondoka mwaka 1575, na chini yake Uislamu ukaenea visiwani kwa nguvu ambayo haikuwahi kuwa nayo. Kuwa Mwislamu Maluku, kuanzia hapo, kulimaanisha pia upo upande gani wa ngome.

Ternate ni mlima wa moto unaochomoza baharini. Humo na kwenye visiwa vinne vya jirani, Tidore, Moti, Makian na Bacan, ndimo ulimokuwa asili ya mkarafuu. Kampuni ya Waholanzi, iliyoanzishwa mwaka 1602, ilipowashinda Wareno iliona kwamba kuilinda bahari nzima ni gharama kubwa, ni rahisi kuulinda mti. Mwaka 1652 ilimpa Sultani wa Ternate malipo ya kila mwaka ili mikarafuu ya nchi yake ikatwe, zao lote libaki Ambon na visiwa vidogo vya jirani chini ya macho yao. Vyombo vya makasia vilizunguka kisiwa kwa kisiwa, watu wakishuka na mashoka. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kuanza kuzaa. Mtu aliukuta umepandwa na babu yake, akasimama pembeni ukiangushwa.

Huo ndio ukiritimba katika hali yake halisi, na ulidumu mpaka Pierre Poivre, Mfaransa, alipofanikiwa mwaka 1770 kutorosha miche hadi Mauritius. Kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa, mwanzoni mwa karne ya 19, mkarafuu ukafika Unguja, Seyyid Said akaamuru mashamba yapandwe, na Zanzibar ikaja kuongoza duniani. Hapa sina ruhusa ya kuwanyooshea kidole Waholanzi na kunyamaza. Mashamba ya Unguja na Pemba yalipandwa na kuchumwa na watumwa waliotolewa bara, na mabwana wao walikuwa watu wa dini yao au iliyokuwa inakuja kuwa yao. Amana na hiana zilikuwa kwenye kamusi, ila mti uliofika ulikuja na namna yake ya kumilikiwa. Anayewaona kina mama wa Pemba leo wamekaa juu ya majamvi wakichambua karafuu, kiganja kimoja kikizungusha tawi na kingine kikiangusha vichwa upande huu na makonyo upande ule, anaona kazi nyororo, na harufu yake ni nzuri. Katika karne ya 20 mnunuzi mkubwa wa karafuu hizo alikuwa Indonesia, kwa ajili ya sigara zake za kretek. Nchi ya mti ikawa inaagiza karafuu Zanzibar.

Kungumanga ilikuwa na hatima yake. Sisi tunaiita hivyo, kungu ya Manga, kwa kuwa aliyetuletea alikuwa Mwarabu. Kwao ni Banda, visiwa vichache mno ambavyo ukisimama juu ya mlima wa kimoja unaviona karibu vyote. Kungumanga na basibasi yake, ule utando mwekundu unaoifunika kokwa, vilikuwa havioti kibiashara mahali pengine popote duniani.

Banda haikuwa na mfalme. Iliongozwa na orang kaya, wazee wenye mali, waliokutana na kubishana. Wala haikujilisha: mchele, sago na nguo vilikuja kwa vyombo vya Java, Makassar na visiwa vya jirani, vikabadilishwa kwa kungumanga. Kwao uhuru wa kuuza ulikuwa ndiyo chakula. Waholanzi walipowatilisha saini mikataba kwamba watauza kwa Kampuni pekee, kwa bei ya Kampuni, walileta kubadilishana nao sufu na mahameli, vitambaa vya kumtosa mtu jasho chini ya jua la ikweta. Wabanda wakaendelea kumuuzia Mjava, Mmakassar na Mwingereza, kama baba zao. Kwa Waholanzi hiyo ilikuwa hiana. Ndilo neno lililogeuzwa kabisa: mtu anayemuuzia mteja wake wa miaka yote, ili watoto wale, anaitwa msaliti.

Mwaka 1609 Wabanda walimvizia na kumuua amiri wa Waholanzi pamoja na watu wake. Katika msafara huo alikuwemo kijana mfanyabiashara wa cheo cha chini, Jan Pieterszoon Coen. Alirudi mwaka 1621 akiwa Gavana Mkuu, na meli na askari, na Wajapani wa kukodiwa.

Kisiwa kikubwa, Lonthor, kilianguka upesi. Katika mji wa Selamon, ofisa aliyeitwa Martinus Sonck aliuchukua msikiti kuwa makao ya watu wake. Mzee mmoja wa mji alimsihi atafute nyumba nyingine. Hakusikilizwa. Usiku wa tarehe 21 Aprili taa iliyoning'inia msikitini ikaanguka kwa kishindo. Waholanzi walioamshwa na mshindo huo, wakiwa ndani ya nyumba ya ibada ya watu wengine, gizani, waliamini ni ishara ya shambulio, wakaanza kupiga risasi. Kutoka hapo Coen alipata ushahidi wa njama aliouhitaji. Orang kaya walikamatwa na kuteswa, na mwezi Mei zaidi ya 40 kati yao walikatwa vichwa na Wajapani ndani ya boma la mianzi, mvua ikinyesha.

Inakadiriwa Banda ilikuwa na watu 15,000. Waliobaki visiwani hawakufika 1,000. Wengine waliuawa, wengine walikufa njaa milimani, wengine walijirusha majabalini, wengine walipelekwa utumwani Batavia, Jakarta ya leo. Ardhi ikakatwa viwanja 68 vya kungumanga, wakapewa Waholanzi waliolimisha watumwa kutoka sehemu nyingine za Asia, na Kampuni ikanunua kwa bei iliyojipangia. Run, kisiwa kidogo ambacho Waingereza walikidai, walikiachia Waholanzi kwa mkataba wa Breda mwaka 1667, na Waingereza wakabaki na Manhattan. Watu hupenda kusimulia hilo kama kichekesho cha historia. Sijaona anayekisimulia akataja nani alikuwa amekaa Run.

Baadhi ya Wabanda walikuwa wametoroka usiku kwa mitumbwi, wakafuata upepo kuelekea mashariki hadi visiwa vya Kei. Huko wakajenga vijiji viwili kwenye Kei Besar, Banda Eli na Banda Elat. Visiwa vya Banda sasa vina watu, wajukuu wa waliokuja na kuletwa kutoka kila upande, na wanazungumza Kimalay. Lugha waliyobishania orang kaya kabla ya mwaka 1621 haizungumzwi hapo. Anayetaka kuisikia bado inazungumzwa hupanda chombo mpaka Kei, kwenye vile vijiji viwili.